Saa Moja na Nusu Inayopoteza Ufunguo: Tunavyoagua Ndoto Nne za "Restless"

Saa iliyo kando ya kitanda inaonyesha 7:30. Buffy, msichana muuaji wa vampaya, anaitazama ndotoni na kusema muda umekwenda sana. Tara, mpenzi wa rafiki yake Willow, anamjibu kwamba saa hiyo imekosea kabisa. Ukiwa Mswahili mwenye daftari magotini, mkono utaandika wenyewe "saa moja na nusu", maana ndivyo tulivyofundishwa kusoma saa tangu utotoni. Hapo hapo ufunguo umekuponyoka. Kinachotakiwa pale si wakati, ni tarakimu: saba, tatu, sifuri.

Ndiyo maana "Restless" ni sehemu ngumu kuliko zote za Buffy the Vampire Slayer kwa mashabiki wanaojadiliana kwa Kiswahili, na ndiyo tamu kuliko zote pia. Neno letu "tafsiri" linabeba mizigo mingi: mtu anatafsiri lugha, anatafsiri ndoto, na dijei wa kibanda cha video naye husemwa "kaitafsiri" filamu anapomwaga sauti yake juu ya sauti za waigizaji. Kwenye sehemu ya kawaida ya tamthilia, mizigo hiyo haigongani. Hapa inagongana kila baada ya dakika chache, na ukitanguliza tafsiri ya lugha kabla hujaangalia kilichomo kwenye picha, tafsiri ya ndoto huipati tena.

Tuiweke mahali pake kwanza. Ni sehemu ya 22 na ya mwisho ya msimu wa 4, iliyorushwa Marekani tarehe 23 Mei 2000 kwenye kituo cha The WB. Joss Whedon, muasisi wa tamthilia, aliiandika na kuiongoza mwenyewe. Kinachowashangaza wageni ni kwamba vita vya msimu vimeshakwisha. Adam, adui mkuu, aliuawa wiki moja kabla, kwenye sehemu iitwayo "Primeval". Sasa steringi na wenzake watatu wamekaa sebuleni kwa mama yake wakitaka kutazama kanda za video walizoleta, na usingizi unawachukua hata filamu ya kwanza haijaanza. Karibu kila kinachofuata ni ndoto: ya Willow na ya Xander, rafiki zake wa tangu shuleni, ya Giles, mtu mzima aliyekuwa mlezi wake wa kazi ya uuaji, mwisho ya Buffy, kwa mpangilio huo huo. Ndani ya kila ndoto kuna kitu kinawawinda.

Asiyeitazama "Primeval" kwanza ajue anapoteza muda wake. Ili kumshinda Adam, wanne hawa waliunganisha nafsi zao kwa uchawi, na kila mmoja alibeba jina la kiungo: Willow ni roho, Xander ni moyo, Giles ni akili, Buffy ni mkono. Sasa angalia wanavyoshambuliwa usingizini. Willow ananyonywa pumzi. Xander anatolewa moyo kifuani. Giles anakatwa kichwani. Buffy, aliye mkono, ndiye pekee anayebaki kupigana. Hii haihitaji ubunifu wa mtazamaji, imo kwenye picha na ina mpangilio. Mjadala ukianzia hapa, mambo mengi yanajipanga yenyewe: unajua kwamba mwindaji ameudhiwa na kile walichofanya wiki iliyopita, na anamrudia kila mmoja kwa kiungo chake. Mjadala ukianzia kwenye alama za pembeni, mtakesha.

Kabla ya kukaa, basi, tazameni sehemu tatu: "Graduation Day, Part Two" iliyofunga msimu wa 3, "This Year's Girl" ya Februari 2000, na hiyo "Primeval". Ni kama saa mbili na robo kwa jumla. Kwenye mbili za mwanzo zingatieni ndoto ambazo Buffy anazishiriki na Faith, muuaji mwenzake wa vampaya aliyekuwa amezimia hospitalini. Ndoto hizo ni fupi, kila moja chini ya dakika chache, lakini bila hizo kitanda kilichomo kwenye "Restless" ni kitanda tu.

Kuhusu nakala ya kutazama, hapa watu wengi hukwama bila kujua kwa nini. Tamthilia hii ilipigwa kwa umbo la televisheni ya zamani, lile la karibu mraba, uwiano wa 4 kwa 3. Baadaye ilitengenezwa upya kwa picha pana, na nakala hizo mashabiki wamezilalamikia kwa haki: pengine juu na chini pamekatwa, pengine pembeni panaonekana watu wa kamera au vyombo vyao, na baadhi ya matukio ya usiku yamepoteza giza lake yakafanana na mchana. Kwenye sehemu ya kawaida unaweza kuvumilia. Kwenye sehemu ambayo rangi na kona za picha ndizo zinazojadiliwa, mtu atakuja na tafsiri nzito ya mwanga usiowekwa na mwongozaji. Tafuta nakala ya umbo la mraba hata kama si kali sana.

Kuna na suala la dakika. Diski zilizotengenezwa kwa mfumo wa televisheni wa Ulaya zinakwenda kasi kidogo kuliko za Marekani, picha 25 kwa sekunde badala ya 24. Tofauti ni ndogo masikioni lakini inajikusanya: jambo lililo kwenye dakika ya 30 ya nakala moja utalikuta karibu dakika ya 28 na sekunde 48 ya nyingine. Watu wawili wanabishana kwamba mwenzake amekosea, kumbe wote wako sahihi. Usiandike mahali kwa dakika. Andika kwa maneno ya mwisho yaliyosemwa kabla yake, au kwa kitu kinachoonekana: "baada ya Xander kutoka kwenye gari la aiskrimu". Mtu yeyote atapaona.

Mara ya kwanza itazameni moja kwa moja, bila kusimamisha, simu zikiwa mbali, sauti halisi ya Kiingereza ikisikika. Tafsiri ya dijei ina utamu wake na imewafungulia wengi mlango wa filamu, lakini kwa sehemu hii inafunika vitu vya lazima: mlio wa mlango unaogongwa juu ya chumba cha Xander, sauti ya mtu mmoja ikitoka kinywani mwa mwingine, kimya cha jangwani. Mara ya pili ndipo rimoti inapotumika. Gawanya ukurasa wa daftari sehemu nne kwa mistari ya wima: tuko wapi, nani yuko, kinachoonekana, kinachosemwa. Safu ya tatu na ya nne ziachane kabisa. Makosa mengi ya mashabiki yanatokana na kuandika kilichosemwa kana kwamba kimeonekana. Nakala nzuri ya mstari mmoja inafanana na hii, kutoka ndoto ya Xander: "Nyumbani kwa Giles, kisha korido ya bweni, chumba cha Buffy na Willow, kabatini, kisha chumba cha chini kwa wazazi wa Xander. Kamera inamfuata. Hakuna anayesema." Ukiandika hivyo hata kabla ya kufikiri, maana inaanza kujionyesha: kijana anakimbia kupitia nyumba za wenzake wote, na kila mlango unamrudisha kwenye chumba kile kile cha chini ambako wazazi wake wanampa pa kulala. Huhitaji kusema "kamera inaashiria". Tazama tu anapofikia.

Kundi la watu watano au sita linatosha. Wakizidi nane, wanaojua misimu yote wanawafunika wageni. Na tenga mikao miwili. Mkao wa kwanza hakuna ruhusa ya kutaja lolote lililotokea baada ya msimu wa 4, hata kwa dokezo, hata kwa kucheka kwa kujua. Si suala la adabu ya kutotoboa mwisho peke yake. Mtu akishajua kitakachokuja, macho yake yanaacha kutazama na kuanza kutafuta, na anayetafuta hupata hata kisichokuwepo. Mkao wa pili ndio wa kuleta misimu ya baadaye mezani. Tangu hapa chini tumeshaingia mkao wa pili, kwa hiyo ambaye hajaimaliza tamthilia asimame hapa.

Turudi kwenye 7:30. Mwishoni mwa msimu wa 3, ndotoni, Faith anamwambia Buffy maneno kuhusu msichana mdogo wa wimbo wa watoto, Little Miss Muffet, anayehesabu kurudi nyuma kutoka saba-tatu-sifuri. Siku 730 ni miaka miwili, 365 mara mbili. Buffy anakufa mwishoni mwa msimu wa 5, kwenye "The Gift", tarehe 22 Mei 2001. Sasa kwa nini Tara aseme saa imekosea? Kwa sababu "Restless" iko katikati ya njia. Mwaka mmoja umeshapita, na saa bado inaonyesha hesabu nzima. Mstari mmoja wa Tara unaoonekana kama porojo la ndotoni unageuka kuwa sahihisho la hesabu.

Wapo wanaotaka kuhesabu siku moja moja, na hapo ndipo mjadala mzuri huharibika. "Graduation Day, Part Two" ilipangwa kurushwa tarehe 25 Mei 1999. Ikaahirishwa hadi 13 Julai kwa sababu ya mauaji ya shule ya Columbine ya Aprili mwaka huo. Ukihesabu kutoka tarehe iliyopangwa hadi 22 Mei 2001 unapata siku 728. Ukihesabu kutoka tarehe iliyorushwa kweli unapata 679. Hakuna njia ya kalenda ya televisheni itakayokupa 730 kamili, na wala haihitajiki. Mwandishi alikuwa akisema "miaka miwili kutoka sasa" kwa namna ambayo ndoto ingesema. Kudai hesabu itimie hadi siku ya mwisho ni kuidai ndoto risiti.

Sasa ona tena hasara ya "saa moja na nusu". Maandishi ya chini ya Kiswahili yaliyo sahihi kabisa kilugha yangeandika hivyo, na mtazamaji wetu asingekuwa na sababu hata moja ya kuunganisha na maneno ya Faith. Anayetafsiri sehemu hii kwa ajili ya wenzake aache tarakimu zilivyo, aandike 7:30, na aongeze neno la pembeni baadaye kama lazima.

Hivyo hivyo kwa jina Dawn. Mwishoni mwa mazungumzo hayo ya chumbani Tara anamwambia Buffy arudi kabla ya alfajiri. Kwa Kiingereza neno ni "dawn". Miezi minne baadaye, tarehe 26 Septemba 2000, msimu wa 5 unafunguka na mwishoni mwa sehemu ya kwanza, "Buffy vs. Dracula", anatokea chumbani mdogo wake Buffy ambaye hatujawahi kumwona, na jina lake ni Dawn. Kitanda nacho kinajibu hapo. Kwenye ndoto ya "This Year's Girl" Buffy na Faith wanatandika kitanda pamoja na Faith anataja mdogo wake Buffy anayekuja. Kwenye "Restless" Buffy anasema yeye na Faith wametoka kutandika kile kitanda, na Tara anauliza: kwa ajili ya nani? Ukitafsiri "alfajiri" umetafsiri vizuri na umefuta mtu. Hakuna dawa ya hili ila kuweka neno la asili kwenye safu ya nne ya daftari, pamoja na maana yake, kila mara neno linapoweza kuwa jina.

Na Kifaransa. Kwenye ndoto ya Xander, koridoni chuoni, Giles anamwambia asikilize kwa makini kwa sababu uhai wake unategemea anachotaka kumweleza, kisha sauti yake inageuka Kifaransa. Anya, mpenzi wa Xander, naye anaingia kwa Kifaransa. Xander anasema haelewi. Kwenye nakala zenye maandishi ya chini yanayosema tu kwamba wanaongea Kifaransa, mtazamaji naye haelewi, na hivyo ndivyo inavyotakiwa mara ya kwanza. Xander ndiye pekee kati ya vijana wale watatu ambaye hakwenda chuo kikuu. Wenzake wamehamia kwenye lugha asiyoijua. Tusimwokoe mtazamaji na aibu hiyo haraka.

Lakini mara ya pili tafuteni mtu mwenye Kifaransa. Kwa Waswahili hili ni jambo jepesi kuliko kwa mashabiki wengi wa Marekani, maana mtu wa Bukavu au Bujumbura anayetazama nasi atakuwa ameshacheka kabla yetu. Anachosema Giles ni kwamba Xander aende kwenye nyumba ambamo wote wamelala, rafiki zake wako huko, wanafurahi na kuendelea na maisha yao, na yule kiumbe hawezi kumdhuru pale. Yaani njia ya kuokoka na hofu kubwa ya Xander zimefungwa kwenye sentensi ile ile: wenzako wanaendelea na maisha yao. Ukipewa tafsiri mapema unapata habari. Ukipewa baada ya kukaa na ujinga wa Xander kwa dakika nzima, inakuchoma.

Ndoto ya Willow ina mtego wa aina nyingine, na karibu kila kundi linanaswa nao. Watu wanamwambia kuhusu vazi lake, kwamba watamgundua, kwamba ana siri. Msimu huo huo Willow ameanza mapenzi na Tara, kwa hiyo mtazamaji anaamini siri ni hiyo. Kisha Buffy anamchania nguo mbele ya darasa, na chini yake kuna nguo za msimu wa kwanza kabisa, za msichana wa shule mwenye haya anayesoma ripoti ya kitabu huku wenzake wakichoka kumsikiliza. Kitu alichokuwa akikificha ni kwamba ndani bado ni yule wa zamani. Andika alichovaa kabla ya kuandika ulichodhani.

Hapa kuna jambo ambalo nalishikilia sana: kubashiri na kurejea ni vitu viwili. Mfano wake ni papa, yule samaki. Kwenye ndoto ya Xander, Spike, vampaya, amevaa suti ya kitambaa kizito ya mtindo wa Giles, wako kwenye bembea, Giles anamwita kama mwanawe, na mazungumzo yanafika kwenye papa mwenye miguu anayetembea nchi kavu. Novemba 2001, kwenye "Tabula Rasa" ya msimu wa 6, wahusika wanapoteza kumbukumbu, Spike akiwa ndani ya suti ya mtindo wa Giles anajiona ni mwanawe, na anayemdai deni ni jini mwenye kichwa cha papa, mwenye miguu, nchi kavu. Mashabiki wanaruka: ilibashiriwa! Polepole. Saa na kitanda vilipandwa kabla, vikarudiwa kwenye "Restless", halafu vikazaa. Papa hakuwa na mbegu ya kabla, na pale alipotajwa alikuwa na kazi yake kamili, ya kumwonyesha Xander anayejisifu kwamba anasonga mbele huku akibembea mahali pamoja. Waandishi wa baadaye wangeweza kabisa kurudi kwenye ndoto ile, wakachota picha waliyoipenda, na kuijengea hadithi. Hilo halipunguzi utamu, linabadilisha tu nani alimfikia nani.

Kipimo chenyewe ni chepesi kushika. Je, kitu hicho kilionekana kabla ya sehemu hii? Je, pale kilipo kinakaa kama mgeni, hakielezeki kwa mahitaji ya tukio lenyewe? Je, kinachokuja baadaye kinarudisha neno au namba ile ile? Kikipita kote, semeni kimebashiriwa. Chukueni mama yake Buffy, anayeongea kutoka ndani ya tundu la ukuta wa chuo. Februari 2001 mama huyu atafariki, na tukio hilo linauma kiasi kwamba kila mtu anataka kumwona kaburini tangu kwenye ukuta ule. Lakini haikupandwa kabla, na tukio linajieleza ndani ya msimu wake: binti amehamia chuo, mama amesahaulika mahali fulani kwenye majengo yale, anasema yuko sawa, binti anamwona rafiki yake juu ya ngazi na kuondoka. Huo ndio uchungu wake, na unatosha. Kuuharakisha hadi msibani ni kumnyima mama yule uhai wake.

Halafu jibini. Mwanamume mwenye upara na miwani, akiigizwa na David Wells, anatokea kwenye kila ndoto akiwa na vipande vya jibini. Anamwambia Willow amevitengea nafasi, anamwonya Xander kwamba havitamlinda, na kwa Giles amevivaa kichwani na mabegani. Kwa Buffy anavipunga tu. Usiku mzima unaweza kwisha hapa. Na kuna njia ya kuvutia kweli: Miss Muffet wa ule wimbo anakula maziwa yaliyogandishwa, jibini hutokana na maziwa yaliyogandishwa, na Oktoba 2000 kwenye "Real Me" mgonjwa wa akili anamwangalia Dawn barabarani na kumtajia maziwa hayo hayo. Mnyororo unaonekana mzuri. Ila Whedon, kwenye maelezo yake ya DVD, alisema mtu wa jibini hana maana yoyote, na kwamba alimweka kwa sababu ndoto lazima iwe na kitu kisicho na maana.

Neno la mwandishi halimalizi mjadala peke yake, kwa hiyo tumieni jaribio la kuondoa. Ondoa 7:30: jibu la Tara linaanguka. Ondoa kitanda: swali la "kwa ajili ya nani" linaanguka. Ondoa jibini: hakuna tukio linalobadilika, hakuna mtu anayekosa sababu, ndoto zote nne zinasimama. Kwa hiyo Miss Muffet na Dawn wana kamba kati yao, nami naitetea, ila mtu wa jibini hakufungwa kwenye kamba hiyo. Tulimfunga sisi.

Sasa mwindaji. Mtazamaji wa Pwani akimwona Willow amelala kwenye kiti akihangaika kuvuta pumzi atasema amekabwa na jinamizi, na kama maelezo ya mwili ule ni neno zuri kuliko lolote la Kiingereza. Tatizo linaanza tukiendelea kutembea na neno hilo. Jinamizi na pepo kwetu ni wa kufukuzwa. Anayewinda hapa ni Muuaji wa Kwanza, msichana wa kwanza kabisa kupewa nguvu aliyonayo Buffy, zama za kale sana. Ni mzazi wa ukoo. Ukimwita pepo, mwisho wa sehemu unakuwa ushindi wa kawaida. Ukimwita mzimu wa ukoo, unaona kilichomkasirisha: mjukuu aliyegawana na marafiki mzigo ambao yeye aliubeba peke yake hadi kufa.

Jangwani, Tara ndiye anayesema kwa niaba yake. Muuaji wa Kwanza, akiigizwa na Sharon Ferguson, mwanamke mweusi mwenye rangi nyeupe iliyopakwa usoni na nywele za misokoto, hana jina, na karibu maneno yake yote yanatoka kinywani mwa msichana wa Kizungu, hadi mwishoni anapotamka machache mwenyewe. Mashabiki wamelumbana kuhusu hili kwa miaka mingi na wana sababu. Wapo wanaosema ni mantiki ya ndoto: Tara hayumo kati ya wanne waliounganishwa, kwa hiyo yuko huru kuwa mkalimani. Wengine wanasema mwanamke pekee wa Kiafrika mwenye uzito kwenye hadithi nzima ameletwa kama mnyama wa kutisha, kisha akanyang'anywa karibu kila neno. Kwangu hoja zote mbili ni za kweli, na ya pili haifutwi na ya kwanza. Ongeza kwamba Buffy anapomkataa, kati ya mambo anayomtupia ni kumkejeli nywele zake. Kwa Kiingereza utani huo unapita haraka na watu wanacheka. Ukiutafsiri Kiswahili na kuusoma kwa sauti mbele ya dada waliosuka, chumba kinanyamaza. Utafsirini.

Februari 2003, kwenye "Get It Done" ya msimu wa 7, Buffy anasafirishwa kichawi hadi kwa wanaume waliomuumba Muuaji wa Kwanza, na tunaambiwa walichofanya: walimfunga msichana mnyororo ardhini na kumwingizia nguvu ya shetani bila kumuuliza. Wanataka kumfanyia Buffy vivyo hivyo ili awe na nguvu zaidi. Anakataa, anakata minyororo, anavunja fimbo ya mmoja wao. Baada ya hapo rudini "Restless" mkatazame tena dakika za jangwani, safu ya tatu tu, sauti ikiwa imezimwa. Anainama, anatembea kwa miguu na mikono, anashtuka, harudi nyuma. Mara ya kwanza mliandika "mnyama". Angalieni mikono yake na jinsi anavyosimama mbali na kila mtu, kisha mwandike upya mstari ule.